KUONJA NA KULINGANISHA CHAI, NA FUNZO LAKE KWA CHAMA CHETU

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Waonjaji mbele ya Mkutano Mkuu, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Wenzetu waliotutangulia wamesimulia habari za alizeti, za vitunguu, za maghala na za hesabu. Sisi tumepewa kueleza jambo ambalo kwa wengine huenda likaonekana dogo, nalo ni chai. Tangu Chama kianze hatujafanya mkutano hata mmoja pasipo chai. Tumeinywa tukipatana, na tumeinywa tukigombana. Lakini twakiri ya kwamba kwa miaka yote kumi hatukupata kuionja. Kunywa ni jambo moja, na kuonja ni jambo jingine. Anywaye hutaka kukata kiu. Aonjaye hutaka kujua.

Mtauliza, Ndugu Wanachama, kwa nini mkoa usiolima chai utume kamati kuonja chai. Ni kweli kwamba mchai hauwezi kustawi kwetu. Mti ule hupenda mvua ya milimita 1200 au zaidi kwa mwaka, nayo inyeshe kwa kupangika, hali sisi wa Singida hupata kadiri ya milimita 500 hadi 800, na miezi mingi mbingu ni kavu. Hatukutumwa kutafuta zao jipya. Tulitumwa kwa sababu ya asali.

Mnakumbuka yaliyotupata misimu miwili iliyopita. Asali ya vyama kadhaa vya msingi ilimiminwa pamoja ghalani, ikajazwa katika mapipa makubwa. Mnunuzi alipofungua pipa la kwanza alinusa moshi. Akafungua la pili, akanusa moshi. Hakufungua la tatu. Bei aliyotoa ilikuwa bei ya asali mbovu kwa asali yote, na hata wale ambao asali yao ilikuwa safi kama machozi walilipwa kwa bei ile ile. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ugomvi uliofuata mnaujua. Wa kijiji hiki waliwanyoshea kidole wa kijiji kile, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kuthibitisha neno, kwa maana hapakuwa na mtu aliyeonja kabla ya kuchanganya.

Hapo ndipo Halmashauri ilipoamua kwamba tujifunze kuonja, na kwamba tujifunze kwa chai kwanza. Biashara ya chai imejengwa juu ya ulimi wa mwonjaji, na hakuna mwanachama ambaye angeona kwamba kijiji chake kinahukumiwa.

Jani ni moja

Wengi wetu tulidhani kwamba chai nyeusi na chai ya kijani ni miti miwili mbalimbali. Sivyo. Mti ni mmoja, na wachumaji huchuma vilevile, majani mawili na kichipukizi. Tofauti huja kiwandani. Kwa chai nyeusi, majani huachwa yanyauke, kisha hupondwa na kusokotwa mpaka utomvu wake utoke, kisha huachwa penye hewa hadi rangi igeuke na kuwa kama shaba, ndipo hukaushwa kwa moto. Watu husema majani yale yamechachuka, lakini kwa kweli si chachu iletayo jambo hilo, ni hewa. Kwa chai ya kijani, majani hupitishwa upesi katika mvuke au katika kikaango cha moto ili hewa isiwahi kuyageuza. Kwa hiyo hubaki na rangi yake, na ladha yake huwa karibu na ladha ya jani bichi.

Katika nchi yetu mchai ulipandwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, huko Amani katika milima ya Usambara na huko Rungwe. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1926. Leo chai yalimwa Mufindi, Njombe, Rungwe, Usambara na Kagera, na sehemu kubwa ni chai nyeusi.

Na bei yake huamuliwaje? Mnada wa chai wa Afrika ya Mashariki ulianza Nairobi mwaka 1956, baadaye ukahamia Mombasa. Nasi Tanzania tulifungua mnada wetu Dar es Salaam mwezi wa Novemba 2023. Kabla ya siku ya mnada, sampuli ya kila fungu hupelekwa kwa madalali na kwa wanunuzi. Mwonjaji hupanga vikombe mezani mstari mrefu, huvuta chai mdomoni kwa kishindo ili hewa na chai viingie pamoja, huizungusha ulimini, kisha huitema na kwenda kikombe kinachofuata. Fungu huwa na alama yake, na kila fungu hupata bei yake. Chai ya kiwanda hiki haimwagwi juu ya chai ya kiwanda kile kabla ya kuonjwa. Hilo, Ndugu Wanachama, twaomba mlishike, tutalirudia.

Jinsi tulivyoonja

Kamati yetu ilikuwa na watu watano, wanawake wawili na wanaume watatu. Karani wa ghala alitutengenezea vikombe tisa, akaviandika namba, na majina ya chai akayafungia katika bahasha. Kila mmoja wetu aliandika maoni yake kabla ya kusema neno, ili mwenye sauti kubwa asiwaburute wenzake.

Kwa kipimo tulifuata utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 3103, yaani gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, na dakika 6 za kungoja. Kipimo hicho hutoa chai kali kuliko tunayoinywa nyumbani, na hayo ndiyo makusudi yake, ili kasoro isipate pa kujificha. Sukari na maziwa havikuwekwa. Mmoja wetu alinung'unika kwamba chai isiyo na sukari ni adhabu. Lakini baada ya vikombe vitatu alikubali kwamba sukari ilikuwa imemziba masikio ya ulimi wake maisha yake yote.

Hatukufika mbali kabla ya kukutana na jambo la maji. Mnajua ya kuwa maziwa yetu ya Singidani na Kindai ni ya chumvi, na visima vyetu vingi navyo vina magadi au chumvi. Tulitengeneza chai moja kwa maji mawili, ya kisima na ya mvua yaliyokingwa. Ya mvua ilitoka angavu, nyekundu kama udongo wa Mkalama baada ya manyunyu. Ya kisima ilitoka nzito na yenye giza, na juu yake pakatanda utando mwembamba. Utando huo si uchafu wa majani. Ni madini ya maji yakikutana na chai. Tangu hapo tukatumia maji ya mvua peke yake. Na tukajiuliza ni mara ngapi tumelaumu majani ya dukani kwa kosa la kisima.

Chai nyeusi na viungo vyake

Kikombe cha kwanza kilikuwa chai nyeusi tupu. Wote watano tuliandika maneno yanayofanana: rangi ya shaba, nguvu ya kutosha, na ukakasi safi unaokaza ulimi kisha ukaondoka. Ukakasi si uchungu. Uchungu hukaa nyuma ya ulimi na kung'ang'ania; ukakasi hukausha mdomo kama ubuyu usioiva vema, kisha huuacha safi. Chai njema ina ukakasi bila uchungu mwingi, na maziwa yakitiwa huupunguza ukakasi huo.

Kikombe cha pili nacho kilikuwa chai nyeusi tupu, lakini kilitukasirisha. Rangi yake ilikuwa nzuri, pengine nzuri kuliko ya kwanza, ila ilinukia sabuni na sanduku la zamani, na mdomoni ilikuwa bapa, haina uhai.

Kikombe cha tatu kilikuwa chai ya tangawizi, na hapo tulifurahi. Wanne kati yetu waliiandika kuwa bora kuliko zote. Ilipasha kifua moto, na harufu yake iliwarudisha wengine katika asubuhi za baridi za mwezi wa Juni. Cha nne kilikuwa cha iliki, ya aina ilimwayo Usambara. Iliki ina harufu tamu inayotangulia kufika kabla ya chai yenyewe, na ikizidi hufanya chai ionje kama manukato. Punje mbili zilizopondwa zilitosha birika. Tulipojaribu sita, jani lilipotea kabisa. Cha tano kilikuwa cha mchaichai, jani ambalo wengi wetu tunalo nyuma ya nyumba. Huu ulitushangaza kwa upole wake, kwa kuwa ulileta harufu ya ndimu pasipo ukali wa ndimu, na chai nyeusi ilisikika nyuma yake kama ngoma ya mbali. Cha sita kilikuwa chai ya kigeni iitwayo Earl Grey, iliyotiwa mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la jamii ya michungwa lilimwalo zaidi kusini mwa Italia. Mwanamke mmoja wa kamati aliisifu sana. Mzee wetu aliandika neno moja tu, «Sabuni». Tulicheka, lakini wote wawili walikuwa wakisema kweli, kila mtu kwa ulimi wake, na ndiyo maana kamati haiwi ya mtu mmoja.

Chai ya kijani

Kikombe cha saba, cha nane na cha tisa vilikuwa vya kijani. Kwanza tulikosea. Tulimimina maji yanayochemka na kungoja dakika 6 kama kwa nyeusi, tukapata uchungu wa mwarobaini. Mzee akauliza kama hii si dawa ya tumbo. Karani akatushauri tuanze upya. Tuliacha maji yapoe hadi nyuzi 80, tukangoja dakika 3 tu. Jani lilelile likawa kitu kingine, rangi ya majani makavu ya mtama, harufu ya shamba baada ya mvua, na utamu mdogo unaokuja mwishoni. Tangu siku ile twawaomba radhi wote tuliowaambia kwamba chai ya kijani ni mbaya.

Cha nane kilitiwa nanaa, kwa desturi ya watu wa Moroko, ambao huinywa na sukari nyingi. Nanaa na jani la kijani ni ndugu. Hakuna anayemfunika mwenzake. Cha tisa kilikuwa chai ya asumini kutoka China. Namna inavyotengenezwa yafaa kusimuliwa. Maua ya asumini hufunguka usiku. Wachina huchuma vifumbo mchana, na usiku huvilaza pamoja na majani ya chai, na jani huvuta harufu ya ua linapofunguka. Asubuhi maua yaliyokwisha nguvu huondolewa. Na kwa chai ya hali ya juu kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa kwa maua mapya. Twasikia watu wakisema kwamba chai ya kijani ni dawa ya maradhi mengi. Hatukutumwa kupima dawa; tulitumwa kuonja, na kwa ladha twasema inastahili nafasi yake mezani.

Bahasha ilipofunguliwa

Tulipomaliza, karani alifungua bahasha. Kikombe cha kwanza kilikuwa chai mpya, iliyotoka katika pakiti iliyofungwa vema. Kikombe cha pili kilikuwa chai iliyokaa muda mrefu rafuni, kifuniko wazi, jirani na sabuni za kufulia. Na kikombe cha tatu, kile cha tangawizi ambacho wanne kati yetu tulikiita bora kuliko vyote, kilitengenezwa kwa majani yaleyale ya kikombe cha pili.

Ndugu Wanachama, tulinyamaza. Tangawizi ilikuwa imeifunika sabuni, nasi tuliokuwa tumejidhani waonjaji tulikuwa tumesifu jani bovu. Ndipo karani akasema, «Kionjeni tena sasa, kimepoa.» Tukakionja. Ule moto wa tangawizi ulikuwa umetulia, na nyuma yake, taratibu, sabuni ikatokea. Waonjaji wa biashara hulijua jambo hili: chai ikipoa, kasoro zake husema.

Tumejifunza hapo mambo mawili. La kwanza, jani la chai huvuta kila harufu iliyo karibu nalo. Likilazwa na asumini huwa asumini. Likilazwa na sabuni huwa sabuni. Uwezo ule ule uletao sifa ndio uletao aibu. Basi na tuihifadhi chai yetu katika chombo kinachofungwa, mbali na sabuni, mafuta ya taa na samaki. La pili, kiungo ni pambo la jani jema, wala si dawa ya jani bovu. Anayetaka kujua thamani ya chai yenye kiungo na aionje kwanza chai tupu, kisha aionje tena ikiwa imepoa. Na anayetaka kunywa chai njema ya tangawizi, na achemshe tangawizi peke yake kwanza, kisha amimine maji yale juu ya majani. Asiyatokose majani nusu saa mpaka yatoe uchungu wote yaliyo nao.

Funzo kwa asali yetu

Sasa twarudi kwenye mapipa. Asali nayo huvuta harufu, na huvuta maji ya hewani. Asali ya porini huko Manyoni na Itigi ina rangi na ladha yake. Asali ya maua ya alizeti ni nyingine, nayo huganda upesi. Na asali ya nyuki wadogo wasiouma ni nyingine tena, nyepesi na yenye uchachu. Kuzimimina zote pamoja ni sawa na kumwaga vikombe vyetu tisa katika ndoo moja na kuuliza bei. Na asali yenye moshi, ikichanganywa na asali tamu, hufichika siku moja kama sabuni ilivyofichika nyuma ya tangawizi, kisha hujitokeza mbele ya mnunuzi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa hiyo kamati yetu yatoa mashauri manne. Kwanza, kila ndoo iingie ghalani na namba ya chama cha msingi na ya mwanachama, wala isimiminwe kabla ya kuonjwa. Pili, pawe na waonjaji watano, na ndoo zipangwe mbele yao kwa namba tu, ili asiwepo ajuaye asali ni ya nani. Tatu, maji ya asali yapimwe kwa kipimo, maana kanuni za kimataifa hutaka yasizidi asilimia 20, na ulimi peke yake hautoshi kwa hilo. Nne, chupa ndogo ya kila ndoo itiwe lakiri na kuhifadhiwa, ili likitokea gomvi tuonje tena badala ya kunyoosheana vidole.

Twajua kuna neno linalowasumbua baadhi yenu, na tulilisikia hata ndani ya kamati. Mmesema, «Mtapanga madaraja, na mnyonge atalipwa kidogo.» Ni kweli kwamba ndoo yenye moshi italipwa pungufu, na hatutaki kuwaficha. Lakini leo mnyonge aliyetunza asali yake vema ndiye anayelipia kosa la mwenzake, wala hapati hata neno la shukrani. Tena moshi hautoki katika umaskini, bali katika namna ya kurina. Arinaye kwa mwenge mkubwa wa majani huipika asali ndani ya mzinga. Atumiaye bomba la moshi, akapuliza kidogo tu moshi uliopoa, huiacha safi, hata kama mzinga wake ni gogo la babu yake. Tunaiomba Halmashauri inunue mabomba hayo na kuyaazima kwa vyama vya msingi kabla ya msimu, na mtu yeyote asikatwe bei kabla hajapewa nafasi ya kujifunza. Na mwenye ndoo iliyokataliwa aruhusiwe kuja kuonja mwenyewe mbele ya waonjaji. Hukumu ambayo mtu aweza kuionja kwa ulimi wake haimfanyi adui.

Bwana Mwenyekiti, miaka kumi iliyopita tuliungana kwa sababu kila mmoja wetu peke yake alikuwa akiuza gizani, akikubali bei ya yule aliyejua zaidi. Tumepata mizani, tumepata ghala, tumepata vitabu vya hesabu. Yabaki tupate ulimi, yaani tujue sisi wenyewe, kabla ya mnunuzi kufungua pipa, ni kitu gani kilichomo. Wanne kati yetu tulidanganywa na tangawizi mezani petu wenyewe, na haikutugharimu kitu ila haya kidogo. Mbele ya mnunuzi gharama huwa kubwa.

Vikombe vile tisa vimepangwa pale mlangoni, na vya asali vipo karibu yake, kila kimoja na namba yake. Kabla ya kwenda makwenu pitieni muonje, na mwandike maoni yenu kabla hamjasemezana. Bahasha anayo karani.

Ushirika wetu na udumu.